Mekatilili: Kutii kwa Hofu au kwa Dhamiri?



Je, mtu mwema ni yule anayetii mkubwa wake, au ni yule anayefuata dhamiri yake? Swali hili huingia nyumbani kila baba anapotoa amri na mama akaona moyoni kwamba si haki. Leo tujifunze kwa mama mmoja wa huku kwetu.

Mnyazi wa Menza, tunayemwita Mekatilili, alizaliwa Ugiriamani katika karne ya 19. Hakuwa Mkristo, alifuata dini ya wazee wa kaya. Alipokuwa msichana, ndugu yake alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Baadaye aliolewa, akazaa, kisha akawa mjane.

Mwaka 1912 serikali ya Waingereza ilimleta Arthur Champion kuwatawala Wagiriama. Watu walidaiwa kodi ya nyumba, na vijana walitakiwa wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Mekatilili aliona watoto wa wenzake wakichukuliwa kama ndugu yake alivyochukuliwa. Hata hivyo hakukimbilia hasira peke yake. Alizunguka vijijini na ngoma ya kifudu, akazungumza na akina mama, kisha mwaka 1913 watu wakakutana na wazee Kaya Fungo. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali.

Kiapo kinatisha, na jela nayo inatisha. Mtu aweza kushika kiapo kwa kuogopa laana, na mwingine akatii serikali kwa kuogopa pingu. Wote wawili wanatii, lakini ni hofu inayowaongoza.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa magharibi ya Kenya. Huko hapakuwa na mzee wa kaya wa kumwangalia. Angeweza kukaa kimya akale kwa amani. Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani kwa safari ndefu ya miguu. Hapo ndipo tunaiona dhamiri: inafanya kazi hata asipokuwepo wa kuamuru wala wa kusifu.

Gharama ilikuwa kubwa. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakafukuzwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili alikamatwa tena, akarudi nyumbani mwaka 1919. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano unafundisha kwamba dhamiri ni patakatifu ambamo mtu yu peke yake na Mungu. Lakini dhamiri hufundishwa kwa sala, Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa. Ukaidi haufundishwi, wala haukubali kulipa gharama. Hutaka mwenzako ndiye alipe.

Basi baba, ukitiiwa kwa sababu ya kofi au kunyimwa pesa ya matumizi, hujatiiwa bado, umeogopwa tu. Na mama, ukiona kosa usilifiche kwa jina la utii. Mweleze mwenzio kwa heshima, faraghani. Mkishindwa kuelewana, mwendeeni padre au msimamizi wenu wa ndoa, kama Mekatilili alivyokwenda kwa wazee.

Maswali ya kujadili jioni hii:
1. Ni jambo gani nyumbani mwetu linafanyika kwa hofu tu?
2. Je, watoto wetu wanatenda mema hata tusipokuwepo?

Mungu azibariki ndoa zenu.