Delamere na Kondoo wa Njoro

Msomaji aliyepita Njoro baada ya mvua ataona vigumu kuamini kwamba kondoo waliwahi kukonda hadi kufa katika nyasi zile, matumbo yakiwa yamejaa. Lakini ndivyo walivyokufa kondoo wa Lord Delamere.

Mwingereza huyo, Hugh Cholmondeley, alizaliwa mwaka wa 1870. Alizifikia nyanda zetu za juu mwaka wa 1897, katika msafara wa uwindaji uliotokea Somalia. Mwaka wa 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kwa pauni 200 kwa mwaka. Piga hesabu, ndugu msomaji: haifiki nusu peni kwa ekari!

Tamaa yake ilikuwa sufu. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, nayo ilihitaji mizigo. Nyama huoza na maziwa huchacha, bali robota la sufu hufika London likiwa zima. Kondoo wetu wa asili ana nywele tu. Kwa hiyo Delamere alipandisha majike ya kienyeji kwa madume ya merino, ili sufu izidi kizazi baada ya kizazi, akaagiza pia majike halisi kutoka New Zealand.

Wengi wao walikufa. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba malisho yale yana upungufu wa madini ya kobalti. Ng'ombe wake wa kigeni nao walivamiwa na homa ya mapafu na ndigana.

Wamaasai hawakuwa na habari za kobalti, lakini mifugo yao ilikwisha kuwafunza, nao waliliepuka eneo lile. Delamere aliwaajiri kuwa wachungaji, hata akajifunza lugha yao; hata hivyo, alipoona nyika tupu alidhani ni bahati yake.

Mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Baadaye Delamere alihamishia kondoo wake Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, katika malisho yale yale ambayo Wamaasai walikuwa wameyachagua tangu zamani. Huko walistawi.

Alifariki mwaka wa 1931, akidaiwa fedha nyingi na mabenki, akazikwa Soysambu.