Anthony Trollope na Saa Yake ya Alfajiri

Anthony Trollope alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1815. Baba yake alikuwa mwanasheria, lakini kazi yake haikustawi. Akajaribu kulima, na shamba nalo likamletea hasara. Anthony alipelekwa Harrow, shule ya wana wa matajiri. Kila siku alikwenda kwa miguu katika njia za matope, na alipofika na nguo chafu wenzake walimcheka na kumtenga. Hivyo alikua mpweke, wala hakudhaniwa kuwa atakuja kuwa mtu wa maana.

Mwaka 1834 madeni yalimzidi baba, na jamaa wakakimbilia Ubelgiji. Huko Frances, mama yake Anthony, aliuguza mumewe na mwana wake mmoja mpaka wakafa. Na huku alikuwa akitunga vitabu ili apate fedha za kuwalisha watu wake. Aliketi mezani saa 10 alfajiri, akamaliza kuandika kabla wengine hawajaamka. Mfano huo Anthony hakuusahau, ijapokuwa hakuufuata upesi.

Mwaka ule ule alipata kazi ya ukarani katika Posta ya London, kwa mshahara wa pauni 90 kwa mwaka. Hakuwa karani mwema. Alichelewa kazini, akaingia katika madeni, na wakubwa wake wakamlaumu daima. Mwaka 1841 alihamishiwa Ireland, akawa akizunguka juu ya farasi kukagua posta za vijijini. Huko alibadilika, akawa mtumishi hodari. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kuweka masanduku ya barua njiani katika kisiwa cha Jersey, mwaka 1852.

Huko Ireland alianza pia kutunga hadithi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1847, na watu hawakukinunua. Cha pili hakikununuliwa, wala cha tatu. Wengi wangeitupa kalamu, yeye hakuitupa. Cha nne, kilichotoka mwaka 1855, ndicho kilichoanza kumpatia jina.

Lakini mtu wa Posta atapata wapi nafasi ya kutunga? Trollope aliitafuta alfajiri. Mwaka 1859 alirudi kukaa Uingereza, na huko alimwongezea mtumishi wake mzee pauni 5 kwa mwaka, ili amwamshe kila siku na kumletea kahawa. Saa 11 na nusu alikuwa mezani. Kwanza alisoma aliyoyaandika jana, kwa muda wa nusu saa. Kisha aliweka saa yake mbele yake, akajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, yaani 1,000 kwa saa nzima. Zilipotimia saa tatu za kazi, aliweka kalamu chini, akavaa, akala chakula cha asubuhi, akaenda kazini. Tena alikuwa na daftari aliloandika ndani yake hesabu ya kurasa za kila siku. Siku ya uvivu ilionekana humo wazi, naye akaona haya.

Aliacha kazi ya Posta mwaka 1867, baada ya miaka 33. Alipokufa mwaka 1882 alikuwa ametunga hadithi ndefu 47. Mwaka uliofuata kilitolewa kitabu alichoandika juu ya maisha yake, nacho kikafunua desturi yake hiyo. Wasomaji wengine wakamdharau, wakiona kwamba mtungaji hapaswi kufanya kazi kwa saa na kipimo kama mshona viatu. Lakini dharau hiyo imepita, na vitabu vyake vinasomwa hata leo.

Basi, mwanafunzi, fikiri juu ya karani huyu aliyekuwa akichelewa. Hakuongezewa saa hata moja katika siku yake. Alijifunza tu kuitumia ile ambayo wengine waliilala. Haba na haba hujaza kibaba.