Xuanzang: Mtawa aliyevuka mpaka bila kibali, akarudi na vitabu 657

MSOMAJI anayefanya biashara Kobero au Mugina hahitaji kuelezwa njia ya panya ni nini. Lakini huenda hajui kwamba mmoja wa wasafiri mashuhuri kabisa katika historia ya Asia alianza safari yake kwa njia hiyo hiyo. Alisafiri usiku na kujificha mchana, akakwepa vituo vya askari, na hati ya kumkamata ilikuwa imekwisha kutumwa. Hakuwa na magendo yoyote. Alikuwa mtawa wa dini ya Budha kutoka China, jina lake Xuanzang, na alichokuwa anakifuata ng'ambo ni vitabu.

Naandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, nimefika mahali aliposoma, Nalanda nchini India, nikaingia katika jumba dogo la makumbusho lililoko pale. Pili, maisha yake yanatugusa sisi tuliosomea ugenini kisha tukarudi nyumbani.

Alizaliwa yapata mwaka 602 karibu na mji wa Luoyang, akiwa mtoto wa mwisho katika familia ya wasomi. Baba yake alifariki mapema. Kaka yake, ambaye alikuwa mtawa, akamchukua na kumlea, na akiwa na umri wa miaka 13 hivi naye akaingia utawani.

Amani haikudumu. Utawala wa Sui ulianguka mwaka 618, nchi ikajaa vita na njaa. Ndugu hao wawili wakakimbilia Chang'an, mji ambao leo unaitwa Xi'an, wakakuta walimu nao wamekwisha kukimbia. Wakaendelea hadi Sichuan, ambako kulikuwa na utulivu, na huko ndiko Xuanzang alikopata elimu yake ya ujana. Kwa hiyo kabla hajawa msafiri alikuwa mkimbizi, na shule yake ilikuwa shule ya ukimbizini. Alipotaka kuondoka Sichuan kutafuta walimu wengine, kaka yake alimkataza. Akajiunga na wafanyabiashara waliokuwa wakiteremka mtoni kwa mashua, akaenda zake.

Kilichomsumbua ni jambo ambalo mwalimu yeyote analielewa. Vitabu vya dini yake vilitoka India, navyo vilikuwa vimetafsiriwa kwa Kichina na watu mbalimbali katika nyakati mbalimbali. Tafsiri hazikulingana. Kila mwalimu alifundisha kivyake na kudai ndiye sahihi. Xuanzang akaona dawa ni moja tu: aende vilikoandikwa, ajifunze lugha yake, asome asili yenyewe.

Safari ya kujificha

Wakati huo utawala mpya wa Tang ulikuwa umefunga mipaka kwa hofu ya maadui wa kaskazini na magharibi. Yeye na wenzake waliomba ruhusa wakanyimwa. Wenzake wakakata tamaa. Mwaka 629, na wengine wanasema 627, yeye akaondoka peke yake.

Huko Liangzhou mkuu wa eneo alimwamuru arudi Chang'an. Mtawa mmoja wa hapo akampa vijana wawili wa kumsindikiza kwa siri. Alipofika Guazhou, hati ya kumkamata ikafika pia. Ofisa aliyeipokea alikuwa mcha Mungu wa dini hiyo hiyo. Alimwonyesha, akaichana mbele yake, akamwambia aharakishe. Yeyote aliyewahi kukutana na ofisa mwenye huruma mpakani anajua thamani ya dakika kama ile.

Kiongozi wa njia aliyemwajiri aliamka usiku na kumsogelea akiwa na kisu, kisha akaghairi, na baadaye akamwacha. Xuanzang akabaki na farasi mzee mwekundu, aliyekonda, ambaye aliambiwa amekwisha kuipita njia ile mara 15. Kwenye mnara wa kwanza wa ulinzi, alipokuwa anachota maji gizani, mishale ilimkosa kidogo. Mbele zaidi, katikati ya jangwa, kiriba chake kilimponyoka na maji yote yakamwagika. Aligeuza farasi kurudi nyuma. Baada ya mwendo kidogo alikumbuka nadhiri yake ya kutorudi mashariki kabla ya kufika India, akamgeuza tena. Alikaa usiku nne na siku tano bila tone la maji. Aliyemwokoa ni yule farasi mzee, ambaye aliacha njia kwa ghafla na kumfikisha kwenye majani na maji.

Huko Gaochang, mfalme Qu Wentai alimpenda mno hata akataka kumzuia abaki kuwa mwalimu wa nchi yake. Xuanzang aligoma kula kwa siku tatu. Mfalme akasalimu amri, akampa farasi 30, watumishi, fedha, na barua 24 za kumtambulisha kwa watawala wa njiani. Mgeni asiye na kibali cha kwao akawa na barua za mfalme wa ugenini. Naye akaahidi kwamba wakati wa kurudi atapitia pale na kukaa miaka mitatu.

Alipita Samarkand. Alipita Bamiyan, katika Afghanistan ya leo, akaziona zile sanamu mbili kubwa za Budha zilizochongwa katika jabali, ambazo Taliban walizilipua mwaka 2001. Katika mto Ganges maharamia walimkamata wakataka kumtoa kafara. Dhoruba ikawatisha, wakamwachia. Hatimaye akafika Nalanda.

Jumba dogo la Nalanda

Mimi nilifika Nalanda nikiwa India kwa mafunzo mafupi ya walimu. Siku za mapumziko wenzangu walikwenda Taj Mahal. Nikapanda treni hadi Patna, mji mkuu wa jimbo la Bihar, kisha gari kwa kilomita 90 hivi. Ni nchi tambarare ya mashamba ya mpunga, na magofu ya matofali mekundu yametandazwa kama ramani: vyumba vidogo vya watawa vimezunguka ua, na kila ua una kisima chake.

Jumba la makumbusho liko upande wa pili wa barabara. Lilifunguliwa mwaka 1917, na kwa saa moja unaweza kulimaliza. Vitu vilivyofukuliwa na kutunzwa hapo ni zaidi ya 13,000, lakini vinavyoonyeshwa ni 350 hivi. Kuna sanamu za mawe meusi na za shaba nyeusi. Budha ameketi, vidole vya mkono wake wa kulia vikigusa ardhi ili iwe shahidi wake. Kuna Avalokiteshvara, mwenye huruma, ameshika ua la yungiyungi. Kuna Tara, mwenye sura ya mama. Nyingi zilitengenezwa enzi za wafalme wa Pala, kati ya karne ya 8 na ya 12, yaani baada ya Xuanzang kuondoka. Nyingine hazizidi urefu wa kiganja, na bado unaweza kuhesabu ushanga shingoni.

Lakini mimi nilisimama zaidi mbele ya vitu ambavyo si vizuri wa kutazama. Kimoja ni mihuri ya udongo. Muhuri wa Nalanda una gurudumu katikati na paa wawili kando, na chini yake jina la jumuiya ya watawa wa hapo. Kwa lugha yetu, huo ndio muhuri wa shule. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Burundi mwaka 1972. Niliporudi mwaka 2009 na vyeti vyangu vya Tanzania, nilizungushwa miezi mingi katika ofisi moja kwa sababu ya muhuri tu. Nilipouona ule wa udongo nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama.

Kingine ni mchele ulioungua. Ni punje nyeusi kama makaa, zilizopatikana katika magofu. Nalanda ilichomwa moto karibu na mwaka 1200, na lawama hutupiwa askari wa Bakhtiyar Khalji. Punje hizo si za wakati wa Xuanzang. Hata hivyo zilinikumbusha kwamba wasifu wake unataja posho aliyopewa kila siku, na ndani yake umo mchele bora wa punje kubwa ambao hawakupewa watu wote. Mgeni alilishwa, akapewa chumba, na hakudaiwa ada. Vijiji vya jirani vilitozwa mchele, maziwa na siagi ili wanafunzi wasome bila kuomba.

Kuingia hapo hakukuwa rahisi. Walinzi wa lango walikuwa wasomi, nao waliwauliza wageni maswali magumu. Kati ya kumi, saba au wanane walirudishwa. Xuanzang alipita. Mwalimu wake mkuu, Silabhadra, alikuwa mzee sana, na alimfundisha mwenyewe. Kwa jumla alikaa Nalanda karibu miaka mitano, akajifunza sarufi ya Kisanskriti, mantiki na falsafa. Mwaka 643 mfalme Harsha, ambaye muhuri wake nao ulifukuliwa Nalanda, alimwandalia mdahalo mkubwa huko Kanauj. Kwa siku 18 hakutokea wa kumshinda.

Na tumejuaje kwamba matofali yale ni Nalanda? Baada ya moto mahali pale palisahauliwa, hata jina likapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Mwingereza Alexander Cunningham alipita katika kijiji cha Baragaon akiwa na tafsiri ya maandishi ya Xuanzang, akalinganisha umbali na vilima, akapatambua. Mgeni alikuwa ameandika vizuri kuliko wenyeji walivyokumbuka.

Kurudi

Watawa wa Nalanda walimsihi asiondoke. Walimkumbusha kwamba India ndiko alikozaliwa Budha, na kwamba China ni nchi ya watu wasiostaarabika. Akawajibu kwamba hakuja kujifurahisha. Alikuja kupata kitu cha kuwapelekea wengine. Silabhadra akakubaliana naye.

Alipewa nafasi ya kurudi kwa bahari, njia iliyo salama zaidi. Akaikataa kwa sababu ya ahadi yake kwa mfalme wa Gaochang. Alipovuka mto Indus dhoruba ilipiga mashua, vitabu 50 hivi na mbegu za maua zikaenda na maji. Tembo aliyepewa na Harsha alikufa maji milimani wakati wa kuwakimbia wanyang'anyi. Na njiani akapata habari kwamba Gaochang ilitekwa na jeshi la China mwaka 640, na mfalme Qu Wentai amekwisha kufa. Ahadi ilikuwa haina tena wa kutimiziwa.

Huko Khotan akasimama. Alikuwa bado mtu aliyetoka bila kibali. Akamwandikia mfalme mkuu Taizong kueleza alikokwenda na kuomba radhi, akangoja miezi saba au minane huku akifundisha. Jibu likaja: arudi, anakaribishwa. Mwanzoni mwa mwaka 645 aliingia Chang'an na farasi 20 waliobeba vitabu 657 pamoja na sanamu saba. Umati ulijaa barabarani.

Taizong alimtaka awe ofisa serikalini, hata avue joho la utawa. Akakataa kwa upole, ila alikubali kuandika habari za nchi alizoziona. Kitabu hicho kilikamilika mwaka 646, nacho ndicho Cunningham alichokuja kukitegemea. Kisha akaketi kutafsiri. Kwa miaka 19 alifanya kazi hiyo na kundi la wasaidizi, akatoa vitabu 75 vyenye mabuku 1,335. Mwaka 652 ulijengwa mnara wa kuhifadhia mzigo wake, nao ungali umesimama Xi'an.

Hakuwasahau walimu wake. Mwaka 654 alijibu barua ya watawa wa India waliomtumia salamu na zawadi ya vitambaa. Alimwombolezea Silabhadra, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, akaeleza kazi ya kutafsiri ilipofikia, na mwishoni akaambatanisha orodha ya vitabu vilivyozama Indus, akiomba vinakiliwe tena akipatikana msafiri wa kuvileta. Miaka tisa baada ya kurudi, bado alikuwa anahesabu mzigo uliopotea njiani.

Alifariki mwaka 664. Sisi tuliorudi tumezoea kuulizwa tumerudi na nini, na mara nyingi anayeuliza anatazama mabati, baiskeli na magunia. Xuanzang naye alirudi na mzigo, lakini mzigo ule usingemfaa mtu kama asingeketi miaka 19 kuuweka katika lugha ya mama yake. Vingi vya vitabu alivyovifuata India havipo tena huko kwa lugha yake ya asili. Vimebaki kwa Kichina alichokiandika yeye, na wasomi wanaotaka kujua Nalanda ilifundisha nini hulazimika kupitia huko.