Shaaban Robert: Karani wa Forodha Aliyekipa Kiswahili Hadhi ya Vitabu

Wananchi wengi hupita katika Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, mahali lilipo Makumbusho ya Taifa, na wengi zaidi wamelisikia jina hilo darasani. Mwenye jina hakuwa waziri wala jemadari. Alikuwa karani wa serikali aliyetumia saa zake za mapumziko kuandika.

Hayati Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Wayao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili na lugha hiyo akaifanya mali yake. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922, na mwaka 1926 akaajiriwa na Idara ya Forodha, ambako alitumikia hadi mwaka 1944. Baadaye alifanya kazi katika idara nyingine za serikali ya kikoloni, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, na mshahara mdogo ukiwa ndio tegemeo la familia.

Katika hali hiyo, kuandika hakukuwa jambo jepesi. Alipofiwa na mkewe Amina, aligeuza majonzi kuwa shairi la maombolezo. Watoto wake aliwaachia wosia wa maadili katika tenzi mbili, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Vita Kuu ya Pili ya Dunia nayo aliisimulia kwa utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Ujasiri wake ulidhihirika zaidi mwaka 1951, kilipochapishwa kitabu cha Kusadikika. Humo, Karama anashtakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria. Katika utetezi wake anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuifaa nchi, wakarudi na kuadhibiwa. Nchi hiyo ni ya kubuni, lakini wasomaji wengi waliitambua sura ya utawala wa kikoloni, na mwandishi wakati huo alikuwa bado akila mshahara wa utawala huohuo. Fumbo lilimwezesha kusema ukweli pasipo kumtaja mtu.

Alitumikia pia Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na alitunukiwa Nishani ya Margaret Wrong pamoja na nishani ya MBE ya Uingereza. Alifariki dunia mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru, akazikwa Machui.

Sehemu ya kazi zake ilikuwa bado miswada. Kufikirika, alichokiandika katika miaka ya 1940, kilichapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mwandishi hakuviona vikiwa vitabu. Miswada hiyo isingehifadhiwa, taifa lingepoteza sehemu kubwa ya urithi wake.

Leo Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa kila tarehe 7 Julai. Maadhimisho hayo hupata uzito pale vitabu vya Shaaban Robert vinapotoka kabatini na kusomwa, na pale miswada ya waandishi walio hai inapochapishwa wakiwa bado wanaweza kuishika mikononi.