Ernst May, Msanifu Aliyeanza kwa Kuitazama Ardhi

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, na mara nyingi twaitumia tunapozungumza juu ya watu. Leo, msomaji mpenzi, hebu tuitumie juu ya nyumba zenyewe. Nataka kukusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake ni nadra kulisikia darasani, ingawa kazi ya mikono yake iko Nairobi, Mombasa, Moshi, Kampala, na hata hapa karibu, Kisumu. Mtu huyo ni Ernst May, msanifu wa majengo kutoka Ujerumani.

Ernst May alizaliwa tarehe 27 Julai, 1886, katika mji wa Frankfurt. Alipokuwa kijana alivuka bahari akaenda kusoma London, kisha akarudi kwao akaendelea na masomo Darmstadt na Munich. Kati ya miaka ya 1910 na 1912 alirudi tena Uingereza akafanya kazi kwa bwana mmoja mashuhuri aliyeitwa Raymond Unwin. Unwin alikuwa akipanga mitaa ambamo kila nyumba ina bustani, na barabara zinapinda kulingana na mlima na bonde badala ya kunyooshwa kama rula. Kwa Unwin, kiwanja kilitazamwa kwanza, kalamu ikafuata. Somo hilo lilimkaa May moyoni maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Ujerumani ilikuwa imechoka na watu wengi hawakuwa na makao. May alianza kwa kujenga nyumba za watu wa mashambani katika jimbo la Silesia. Mwaka wa 1925 mji wake wa Frankfurt ukamwita awe mkuu wa ujenzi. Kazi aliyoikuta si mchezo! Familia nyingi zilikuwa zimebanana katika vyumba vyenye giza, visivyopata hewa wala jua. Katika muda wa miaka mitano tu, May na wenzake walijenga nyumba zaidi ya 10,000.

Katika mitaa hiyo mipya, unaosifiwa sana ni Römerstadt, wenye nyumba zipatazo 1,200, uliojengwa mwaka wa 1927 na 1928. Mahali penyewe ni mteremko unaoshuka hadi bonde la mto Nidda. Msanifu mwingine angeleta matingatinga akausawazisha mteremko wote. May hakufanya hivyo. Alizipanga safu za nyumba zifuate mwinuko wa ardhi, akajenga ukuta imara mahali mteremko unapokoma, na kule chini karibu na mto, ambako maji hufurika, akaacha bustani za watu kulima mboga. Ndani ya nyumba pia hakulala. Mwenzake katika ofisi, mama mmoja aliyeitwa Margarete Schütte-Lihotzky, alichora mwaka wa 1926 jiko dogo ambalo upana wake haukufika hata mita 2. Kila kitu kiliwekwa pale mkono unapofika, ili mpishi asitembee bure. Majiko hayo yalitiwa katika maelfu ya nyumba, na wasanifu wanayasoma hadi leo.

Mwaka wa 1930 May aliitwa Urusi, wakati huo ikiwa ndani ya Muungano wa Sovieti, kupanga miji mipya ya viwanda. Alikwenda na kundi la wasanifu wenzake. Mji uliojulikana zaidi kati ya hiyo ni Magnitogorsk, mji wa chuma. Lakini wapi! Alipofika alikuta ujenzi umekwisha anza, mahali pa kiwanda pamekwisha chaguliwa, na mpango wake ukabidi ukatwekatwe kila siku. Hapo alionja uchungu wa kuletewa kazi baada ya ardhi kuamuliwa na wengine. Mwaka wa 1933 aliamua kuondoka.

Sasa aende wapi? Kwao Ujerumani, Hitler alikuwa ameshika madaraka mwaka huo huo wa 1933. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na kazi zake zilichukiwa na serikali mpya. Kurudi nyumbani ilikuwa ni kujitia kitanzi. Basi yeye, mkewe na wana wao wawili wakashika njia ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1934 alinunua shamba karibu na Arusha, katika Tanganyika ya wakati huo, akawa mkulima. Fikiria, msomaji: mtu aliyejenga nyumba za mji mzima, sasa anangojea mvua kama sisi tunavyoingojea mwezi wa Machi!

Lakini mwenye kipawa hakai nacho mfukoni. Mwaka wa 1937 alihamia Nairobi akafungua ofisi ya usanifu. Hapo alikutana na swali ambalo Ulaya haikumfundisha. Kule kwao watu hulitafuta jua liingie ndani kwa sababu ya baridi. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi likiwa kali, na ukuta unaolitazama huota moto kama chungu. Kwa hiyo nyumba ndefu inafaa ilaze ubavu wake upande wa kaskazini na kusini, na ncha zake fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi. Madirisha yatiwe kivuli kwa paa lililotokeza au veranda. Matundu yawe pande mbili zinazoelekeana ili upepo uingie huku na kutokea kule, na mengine yawe juu ili hewa moto, ambayo hupanda, ipate njia. Haya mambo hayahitaji umeme wala mashine. Yahitaji mtu asimame kwenye kiwanja, atazame jua na aonje upepo kabla ya kuchora.

Kabla kazi haijashika kasi, Vita Vikuu vya Pili vikaingia. Waingereza walimkamata May kwa sababu alikuwa Mjerumani, ingawa alikuwa amemkimbia yule yule Hitler waliyepigana naye. Dunia ina vituko! Alizuiliwa, akapelekwa hadi Afrika Kusini, na akaachiliwa mwaka wa 1942.

Aliporudi, serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi kubwa ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala, katika vilima vya Kololo na Naguru. Alifanya kazi hiyo kuanzia mwaka wa 1945, na ripoti yake ilichapishwa mwaka wa 1947. Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na mabonde mengine yana kinamasi chenye mbu. May aliipenda ardhi hiyo. Alitaka barabara zifuate vilima, na mabonde yabaki ya kijani, yasijengwe ovyo.

Lakini ni lazima nieleze pia upande wa pili, maana kusifu bila kupima ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mpango huo uliwagawa watu kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na sehemu yao, Wahindi yao, na Waafrika yao, na nafasi za kijani zikiwa katikati kama ua. Zaidi ya hayo, May aliamini kwamba Mwafrika ni sharti aongozwe hatua kwa hatua na Mzungu mpaka ajue kuishi mjini. Serikali iliyomtuma ilikuwa ya Waingereza, na Mganda wa kawaida hakuwa na kura katika jambo hilo. Kwa maoni yangu, hapa May alianguka. Mtu aliyejua kukiuliza kilima kinataka nini hakumuuliza mkazi wa kilima. Tena yeye mwenyewe alikuwa amefukuzwa kwao kwa ajili ya asili yake. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, lakini May hakushtuka.

Wakati huo huo alibuni nyumba ya bei nafuu ya vipande vya saruji vilivyotengenezwa kiwandani, vinavyoning'inizwa juu ya fremu kama vigae. Nia ilikuwa njema, kwani nyumba ingesimamishwa upesi. Hata hivyo, nyumba hiyo haikuenea.

Mambo yalikuwa tofauti kule Moshi. Wakulima wa kahawa wa Kichaga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, kilichoundishwa mwaka wa 1933. Chama kilitaka jengo lake chenyewe, na May akalichora. Lilikamilika mapema katika miaka ya 1950, likiwa na ofisi, maduka na mahali pa wageni kulala, na kuta zake zimekingwa dhidi ya jua la Moshi. Angalia tofauti: hapa mwenye kulipa na mwenye kutumia jengo walikuwa ni wale wale, wakulima wenyewe. Ndiyo maana jengo likawafaa. Naona hapo ndipo palipokuwa na dawa ya kosa la Kampala.

Huko Mombasa alichora Oceanic Hotel, iliyopindwa kama upinde kuelekea Bahari ya Hindi. Mpindo huo haukuwa mapambo matupu. Uliwapa wageni vyumba vyenye kuiona bahari na kupokea upepo wake, na mwenyeji wa pwani ajuaye kaskazi na kusi ataelewa thamani ya jambo hilo. Kisumu nako, ambako joto la ziwa twalijua, alichorea jumuiya ya Aga Khan shule ya wasichana na hospitali ya uzazi.

Kazi ambayo wengi wanaikumbuka ni Jumba la Makumbusho la Uganda, katika kilima cha Kitante, Kampala, lililofunguliwa mwaka wa 1954. Ndani yake mwanga wa jua huingia kwa kipimo na hewa hupita yenyewe, jambo muhimu mahali palipohifadhiwa ngoma, ngozi na vyombo vya kale. Mwaka wa 2011 ulizuka mpango wa kulibomoa ili pajengwe jumba refu la biashara. Waganda wenye uchungu na historia yao waliupinga hadi mahakamani, na jumba likabaki limesimama. Kumbe jengo la mgeni laweza kuwa la wenyeji, mradi wenyeji walitie moyoni.

Mwishoni mwa mwaka wa 1953 May alifunga safari kurudi Ujerumani. Vita vilikuwa vimebomoa miji mingi, nao watu walihitaji nyumba upya. Alifanya kazi Hamburg na miji mingine mpaka uzeeni. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba, 1970, akiwa na umri wa miaka 84, na akazikwa Frankfurt alikozaliwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Je, maisha haya yatufaa nini sisi wa Lubao? Yatufaa sana. Babu zetu walijua kukitazama kiwanja. Walijenga mahali palipoinuka ili maji ya mvua yasiingie, wakatumia udongo na nyasi, na nyumba ikawa baridi mchana na yenye joto usiku. Leo twajenga kwa matofali na mabati, na si vibaya, kwa kuwa nyasi huvuja na huhitaji kubadilishwa kila mara. Tatizo ni kwamba twaitazama barabara ya Webuye tu, tukasahau jua na upepo. Madarasa mengi ya sehemu zetu yana mabati bila dari. Saa nane mchana mwanafunzi anasinzia kwa joto, na mvua ya mawe ya Kakamega ikianza kupiga, mwalimu hana budi kuweka chaki chini angoje, maana hasikiki. Dari, matundu ya hewa juu ya ukuta, miti michache upande wa magharibi: vitu hivi si ghali kuliko kipindi kinachopotea kila siku ya mvua.

Wenzangu, wengi wetu tutajenga nyumba siku moja, na wengine tutakaa katika kamati za shule na za soko. Tukifika hapo, tuchukue zuri la Ernst May, tuizunguke ardhi kabla ya kuchora. Na pale alipokosea tupakumbuke: tuwaulize pia watakaolala humo, wapike humo na wasomee humo. Walimu wetu wanaokaa katika kamati leo, nawaomba waanze nasi, watuulize saa nane mchana, mabati yakiwa yamepata moto.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu