Eiffel, mhandisi aliyeupa mnara miguu ya kushindana na upepo

MSAFIRI apitaye Makindu na Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, huona nguzo za chuma zibebazo nyaya za umeme zikiwa zimetanua miguu chini na kuchongoka juu. Minara mingi ya simu vilimani Kitui ina umbo lilo hilo. Aliyelipa umbo hilo umaarufu duniani ni mhandisi Mfaransa, Gustave Eiffel.

Eiffel alizaliwa mjini Dijon mnamo Desemba 15, 1832, akajijengea jina kwa madaraja ya reli. Mwaka 1879, dhoruba iliangusha daraja la Tay nchini Scotland pamoja na garimoshi lililokuwa juu yake. Tangu hapo wahandisi walijua kuwa uzani si adui pekee; upepo ni adui mkubwa zaidi.

Mchoro wa kwanza wa mnara wa Paris, wa 1884, haukuwa wake bali wa waajiriwa wake wawili, Maurice Koechlin na Émile Nouguier. Hesabu yao ilikuwa hivi: upepo ukisukuma mnara, nguvu ya kuupindua huwa ndogo kileleni na huongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa hivyo miguu minne ilipindwa itanuke kwa kufuata ongezeko hilo, hadi msingi ukawa na upana wa mita 125 kila upande. Vyuma vikasukwa kama wavu ili upepo upenye. Yale matao makubwa ya chini, ambayo wengi hudhani ndiyo yanayobeba mnara, ni mapambo zaidi.

Majirani hawakusadiki. Walikwenda kortini wakihofia kuangukiwa, naye Eiffel akakubali kubeba mwenyewe gharama za hasara yoyote. Mnara wa mita 300 ulikamilika Machi 31, 1889.

Mnamo 1893 alihukumiwa kifungo katika kashfa ya Mfereji wa Panama, lakini hukumu hiyo ikabatilishwa. Aliacha ujenzi, akageukia kuchunguza upepo wenyewe, na mwaka 1909 akajenga maabara yake chini ya mnara. Mwaka huo ndio kibali cha miaka 20 kilipokwisha, na mnara ungaliweza kubomolewa. Uliokolewa na mitambo ya mawasiliano ya redio iliyofungwa kileleni.

Eiffel alifariki Desemba 27, 1923, akiwa na umri wa miaka 91.