James Jamerson, mpiga besi asiyetajwa

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo twajuavyo. James Jamerson alicheza kwao, asitunzwe.

Alizaliwa mwaka 1936, South Carolina, Marekani. Alihamia Detroit akiwa kijana, akajifunza besi shuleni, kisha akawa akipiga usiku katika vilabu vya jazi na bluzi.

Mwaka 1959 alianza kurekodi na kampuni ya Motown. Kwa kidole cha shahada tu, alizibeba nyimbo za Supremes, Temptations na Stevie Wonder. Dunia ikacheza, ila jina lake halikuwa kwenye jalada. Liliandikwa mwaka 1971, katika albamu ya Marvin Gaye.

Kampuni ilipohamia Los Angeles alifuata. Kazi ikapungua, pombe ikamzidi. Mwaka 1983, Motown ilipoadhimisha miaka 25, yeye alikuwa mtazamaji tu ukumbini. Agosti mwaka huohuo akafariki, umri miaka 47. Heshima kubwa zilikuja hayupo.

Nasi harusini twamtunza mwimbaji, noti zikamjaa mkononi. Yule wa besi, nyuma ya spika, hata jina hatumuulizi. Tumuulize, na tumtunze, angali hai.